Kamba ya Zizi na Sentensi Ndefu

Jumatatu, 8 Julai 1996

Joto. Vumbi. Ndirangu.

Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya zawadi, na siku hiyo mkuu wa shule, Bwana Abdow, atatangaza nani anakuwa mkuu wa idara ya Kiingereza. Tuko wawili tu. Kuna mimi, Muema, mwana wa Kitui, mwaka wa sita huu nachomwa na jua la Garissa, mtu wa tamathali na takriri. Na kuna Ndirangu. Aliletwa mwaka jana na sanduku moja la nguo na aina moja ya sentensi. Nani, kafanya nini, nukta. Basi! Watoto wake wanaandika Kiingereza kama watu wanaopiga telegramu.

Mimi nafundisha sentensi inayotembea. Inaanza mbali, inapita huku, inapita kule, inamwacha msomaji akihema, na jambo lenyewe linafika mwisho kabisa, kama mgeni rasmi.

Leo Filsan wa kidato cha tatu, msichana wa Lafey, ameniuliza ukungu ni kitu gani, maana nimewaamuru kila insha ianze kwa ukungu wa alfajiri. Swali gumu. Hapa alfajiri yenyewe ina jasho. Nikamwambia ni kama ule mvuke mpishi wetu Sugow akifunua sufuria ya chai. Akaandika kwamba alfajiri hiyo dunia nzima ilinukia chai. Nimempa alama za juu. Ndirangu aliisoma insha hiyo ofisini akacheka peke yake. Nitamkomesha.

Jioni. Mbu wa Tana wameniamulia. Kamba ya chandarua imekatika. Nyuma ya jikoni kuna zizi la miiba, na ndani yake beberu mweupe aliyetolewa na Mzee Bishar, mzazi, kwa karamu ya siku ya zawadi. Mlango wa zizi umefungwa kwa kamba nzuri ajabu ya nailoni. Nimeiazima. Sikuuacha mlango hivihivi, mimi si mpumbavu. Nimeufunga kwa tai yangu ya kahawia, ile ya mahafali ya chuo cha ualimu. Asubuhi na mapema nitairudisha kamba kabla hajaamka mtu.

Jumanne, 9 Julai

Sikuamka mapema. Chandarua kilikuwa kitamu mno.

Beberu hayupo. Tai haipo. Naona wazi kilichotokea: kala tai, kisha kajiendea zake.

Shule nzima ilisimama mbele ya zizi. Bwana Abdow akauliza nani alikuwa wa mwisho hapa. Sugow akajitokeza palepale bila hata kusukumwa. Akasema ni yeye, alimnywesha beberu maji baada ya magharibi akafunga mlango kwa kamba. Bwana Abdow akauliza kamba iko wapi. Sugow akautazama mlango. Nami nikautazama mlango. Niliutazama kwa mshangao kuliko watu wote.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ni mimi. Maneno mawili tu. Lakini Ndirangu alikuwa amesimama pale, mikono kifuani, na maneno mawili ni mtindo wake, si wangu. Jambo zito halisemwi hivyo. Nikafunga mdomo.

Sijala mchana. Na chakula alipika Sugow, ndiyo maana.

Jumatano, 10 Julai

Wametafuta hadi mtoni. Hakuna beberu, hakuna mfupa, hakuna tai (alhamdulillahi kwa hilo la tai).

Mzee Bishar amekuja amefura. Hasemi Sugow ni mwizi. Anasema tu kwamba funguo za stoo ni za Sugow, visu ni vya Sugow, na jikoni ni kwa Sugow. Anataka maslaha, yaani wazee wa kamati ya wazazi wakae, wasikilize, waamue. Itakuwa Jumamosi, kwenye bwalo. Bwana Abdow kasema likimwangukia Sugow, basi hawezi kuendelea kushika funguo za shule.

Namwandika Sugow hapa ili nimkumbuke vizuri. Amepika tangu shule inafunguliwa. Ana watoto watatu na mguu mmoja unaomuuma kipindi cha mvua. Malaria iliponikamata mwaka juzi, alikuwa ananiletea chai ya maziwa ya ngamia mlangoni, anasimama nje, anasema bole, mwalimu. Hiyo pole yake yenye b ilinitoa kitandani kuliko kwinini.

Nimelia kidogo. Halafu nikapata mpango.

Mpango! Nitamtetea mimi! Nitasimama Jumamosi na hotuba ya Kiingereza kamili, balagha juu ya balagha, mpaka wazee washike ndevu. Sugow anaachiwa. Beberu anasahaulika. Bwana Abdow, anayependa Kiingereza kikubwa kuliko mshahara wake, anasikia kwa masikio yake nani anafaa kuongoza idara. Na kamba haina haja ya kutajwa. Kila mtu anafurahi. Kwa nini sikuwaza hivi jana?

Ijumaa, 12 Julai

Wote wamekwenda msikitini, shule kimya, nimemaliza hotuba. Nimeisomea tangi la maji. Tangi limeitikia kwa mwangwi mzuri.

Ina maswali ya balagha saba. Ina takriri. Ina kejeli. Kuna mahali najifanya nakubaliana na mshtaki kwa muda, ili baadaye nimwangushe kwa kishindo. Na katikati ipo sentensi moja, mwanangu, sentensi moja tu, inayojaza ukurasa mzima na kishazi kikuu hakionekani mpaka mstari wa mwisho. Sijawahi kuandika kitu kama hicho.

Jama, karani wa ofisi, amekubali kunitafsiria kwa Kisomali. Alitaka aione kwanza. Nikamkatalia. Tamathali ikionekana kabla ya wakati inapoa. Akasema sawa, atatafsiri kipande kwa kipande nikiwa nasema.

Ndirangu alipita akaniuliza kwa nini Sugow asijisemee mwenyewe. Nikamwambia watu wengine hawana lugha. Akasema Sugow ana lugha tatu. Akaenda zake. Mtu wa vijisentensi.

Jumamosi, 13 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Bwalo lilijaa. Wazee kwenye mikeka, walimu kwenye viti, Bwana Abdow na suti. Mzee Zakariye, mwenyekiti wa kamati, alifungua kwa dua. Mzee Bishar akaeleza lake kwa ufupi. Kisha Zakariye akamgeukia Sugow akasema, kwa Kiswahili ili sisi wa bara tusikie, kwamba hakuna aliyemwona mtu na mbuzi. Basi Sugow aape kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakumchukua, jambo liishe, chai iletwe.

Chai iletwe! Sentensi moja! Sugow alikuwa ameshaanza kuinuka. Alishafungua mdomo. Nikaona hotuba yangu inakufa mfukoni.

Nikasimama nikaomba nafasi.

Zakariye alinitazama kwa heshima, kwa sababu mimi ni mwalimu. Akamweleza Sugow desturi yao: ukikubali mtu akusemee, atakachosema ni chako, kama umekisema wewe. Akamuuliza anakubali? Sugow akanitazama. Akasema, Mwalimu Muema ni mtu yangu.

Mtu yangu. Ee Mungu.

Nikaanza. Kwa Wasomali mtu akisema mbele ya watu, yupo wa kumwitikia, haye, haye, kila kipande, si kwa kukubali bali kuonyesha neno limefika. Mimi sikujua hivyo. Nilidhani wananishangilia. Nikapanda moto.

Nikauliza kwa sauti nzito: ni nani basi aliyefungua zizi lile? Hapo msikilizaji hutakiwa kunyamaza, aingiwe na shaka. Jama akatafsiri. Mzee Bishar akajibu, Sugow. Akajibu kwa upole kabisa. Huku swali likiulizwa kikaoni hujibiwa, kunyamaza ni kumdharau aliyeuliza.

Nikauliza la pili: je, tutamwacha mtu huyu ateseke? Zakariye akafikiri, akasema hapana, hakuna haja ya mateso, arudishe mbuzi tu. Maswali matano yalibaki. Yote yalijibiwa.

Jasho. Nikaona bora niingie kwenye sentensi kuu, itanitoa. Nilisema kwa Kiingereza, na Jama kipande kwa kipande: kwamba mtu huyu, mwenye funguo zote (haye), aliyekuwa peke yake jikoni jioni ile (haye), ambaye kisu chake hakijawahi kuwa butu (haye), anayejua kumchuna beberu kabla ya adhana ya alfajiri na usibaki unywele (haye! haye!), alimchukua mnyama wa Mzee Bishar...

Hapo nikatua. Ni lazima utue hapo. Ndipo panapojengwa hamu, ndipo msomaji anapongoja kishazi kikuu. Kishazi chenyewe kilikuwa kwamba hilo ni jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu awezaye kuliamini. Nilikitoa. Nilikitoa kwa mikono yote miwili. Lakini bwalo lilikuwa limeshalipuka, wazee wamesimama, Bishar anamshika Sugow bega, na Jama anapunga mikono akipiga kelele kwamba ngojeni, kuna kipande kingine. Nani angoje? Mtu yake mwenyewe ameshasema.

Nikababaika. Nikaruka hadi pale ninapojifanya kukubali. Nikasema, hata tuseme alimchukua. Zakariye akainua mkono. Akasema imetosha, limesemwa, tena limesemwa mara mbili.

Sugow akaomba sasa aape. Alisema kwa sauti ndogo. Zakariye akamwambia kwa masikitiko kwamba kiapo hakiwezi tena kupita juu ya neno lake mwenyewe. Jamaa zake walipe beberu kama yule. Bwana Abdow akamwomba funguo. Sugow akazifungua kiunoni moja moja.

Nilipotoka nilimpita Ndirangu mlangoni. Alinipisha njia. Afadhali angecheka.

Na Bwana Abdow? Alinipiga mgongoni. Akasema hajasikia Kiingereza kama kile tangu aondoke Nairobi. Nikamwambia asante. Nilimwambia asante!

Jumapili, 14 Julai

Naumwa. Si malaria. Ni uso ndio unaniwaka.

Mchana mlango uligongwa. Sugow. Na chupa ya chai. Amesikia sikwenda kula. Akasema bole, mwalimu, jana ulichoka sana kwa ajili yangu. Mimi niko chandaruani, shuka hadi kidevuni.

Siku zote husimama nje. Leo aliingia kuweka chupa mezani, maana nilishindwa kuinuka. Akainua macho. Kamba ya nailoni iko pale juu, kutoka dirishani hadi msumarini, buluu yake inang'aa kama imepakwa mafuta.

Akaitazama. Akauliza, mwalimu, hii kamba?

Swali fupi kuliko yote ya wiki hii. Halikuwa la balagha. Lilitaka jibu.

Nikajibu. Nilianza na hali ya mbu katika mabonde ya mito kwa ujumla. Nikapita kwenye ubora duni wa vyandarua vya siku hizi. Nikagusa udhaifu wa binadamu. Nilikuwa naelekea kwenye jambo lenyewe, naapa nilikuwa naelekea, nilikuwa nimebakiza vishazi viwili vitatu hivi. Sugow aliniitikia haye kila nilipovuta pumzi. Halafu akaona upande mmoja wa kamba umelegea. Akapanda juu ya kiti, na mguu wake ule mbovu, akafungua fundo langu akafunga la kwake. Akasema hivyo sasa haitaanguka.

Akatoka. Mimi bado niko kwenye kishazi tegemezi.

Sikunywa chai ile. Baadaye niliinywa. Baridi.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeamua. Nakiri leo.

Bwana Abdow alikuwa amekaa peke yake kwenye kibaraza cha ofisi, gazeti mkononi, miguu juu ya kigoda. Hakuna mtu karibu. Nilikwenda moja kwa moja. Akashusha gazeti akasema, ehe, Muema?

Nikasema habari za asubuhi, bwana.

Akasema nzuri. Akangoja. Nikamwambia jua ni kali. Akakubali. Nikarudi darasani.

Si woga! Sentensi ilikuwa haijakamilika. Siwezi kwenda kwa mkuu wa shule na jambo kubwa kama lile na sentensi ya mtoto wa darasa la tatu. Nimekaa kutwa nzima naiunda. Wanafunzi nimewapa insha ya ukungu.

Saa kumi Jama kaniambia Sugow anaondoka kesho na lori la Ifo. Binamu yake anapika huko, kwenye kambi ya wakimbizi, huenda akapata kibarua. Mke na watoto watafuata akipata pa kulala. Ndirangu naye ameingia kwa Bwana Abdow mchana akasema Sugow hakuiba, mrudishe kazini. Sentensi mbili. Bwana Abdow akamjibu hana ushahidi. Bila shaka hana. Ushahidi umeshika chandarua changu.

Kesho nitamwambia Sugow mwenyewe kwanza, kabla hajapanda. Yeye ndiye mwenye haki ya kuisikia kweli kabla ya wote.

Jumanne, 16 Julai

Nilifika. Naomba iandikwe kwamba nilifika.

Lori lilikuwa limeshajaa magunia ya unga, na watu juu ya magunia. Sugow ameketi nyuma, sufuria yake ndogo magotini. Aliponiona akafurahi. Alifikiri nimekuja kumuaga.

Nikatoa karatasi. Nilisoma kwa Kiswahili, nisije nikamhitaji Jama. Nikaanza: Wewe uliyenipa chai nilipoumwa. Akaitikia haye. Wewe uliyesimama mlangoni mwangu bila kuingia. Haye. Wewe uliyeniita mtu yako mbele ya wazee wako. Haye, mwalimu. Dereva akawasha gari. Nikaongeza sauti. Wewe uliyefunga fundo nililostahili kufungwa nalo shingoni. Lori likasogea. Nikatembea. Wewe ambaye leo unaondoka kwa kosa ambalo. Nikakimbia. Kwa kosa ambalo mwenye kulifanya. Nikakimbia sana. Utingo ananiambia mzee toka nyuma ya gari. Sugow ameinama juu ya magunia, mkono sikioni, anataka kusikia, ananipigia kelele, haye? Haye?

Neno lenyewe lilitoka. Vumbi lilikuwa limeshapita kati yetu. Nikameza vumbi nikaanza kukohoa, nimeinama barabarani nimeshika magoti, na nikamsikia kwa mbali akiita bole, mwalimu, bole!

Wenye maduka waliniletea maji. Walisema mwalimu huyu alimpenda sana mpishi wake.

Nimerudi kwa kupitia njia ya nyuma. Sitaki kuonwa hata na kuku.

Alhamisi, 18 Julai

Bwana Abdow ameniita. Nilikwenda nikijua nimejulikana. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita, kama mtu aliyetapika.

Sikujulikana. Nimepewa idara.

Amesema hotuba ile ndiyo iliyoamua. Matokeo yake kwa Sugow ni bahati mbaya, lakini Kiingereza kilikuwa Kiingereza. Atanitangaza Jumamosi mbele ya afisa wa elimu na wazazi wote, kisha nitoe hotuba ya siku. Nilitaka kukataa. Midomo ikasema nashukuru kwa heshima hii kubwa. Sijui midomo hii ni ya nani.

Ndirangu alinipa mkono. Hongera, Muema. Aliniangalia machoni alipokuwa anasema. Nikaangalia viatu vyake.

Jikoni kuna mpishi mpya. Ugali wake una madonge. Watoto wanamuulizia Sugow. Filsan ameandika insha, safari hii bila ukungu. Imeanza hivi: Sugow ameondoka. Nimeisoma mara nyingi. Mwishowe nimempunguzia alama kwa kukosa mapambo, kalamu ikiwa nzito mkononi.

Ijumaa, 19 Julai

Kesho ni siku ya zawadi, na roho yangu imetulia kabisa. Nimejua kosa langu.

Kosa langu lilikuwa mahali. Nilitaka kukiri kitandani. Nilitaka kukiri kibarazani. Nilitaka kukiri nyuma ya lori! Kuungama kukubwa kunataka mkutano mkubwa. Kesho watakuwepo wote: Bwana Abdow, Zakariye, Bishar, afisa wa elimu, walimu, watoto. Nitawaambia kweli. Watatuma mtu Ifo jioni hiyo hiyo amrudishe Sugow na funguo zake. Nitapoteza idara, nayo iende. Ninamaanisha hilo.

Nimeacha yote yaliyoniponza. Hakuna swali la balagha hata moja. Hakuna kejeli. Hakuna kujifanya nakubaliana na mtu. Ni sentensi moja tu, safi. Inaanza na zizi. Inamtaja beberu, inamtaja Sugow kwa jina, inataja funguo, visu, jioni ile, mlango uliofunguliwa, mbuzi aliyepotea. Inapanda, inapanda. Na neno "mimi" nimeliweka mwisho kabisa ili liwe na uzito.

Ndirangu aliiona mezani. Akasema niliweke mwanzo. Nikamwonea huruma tu, maskini.

Jama amekubali kutafsiri. Kipande kwa kipande, kama kawaida.